Kaburi la Mwenye Shamba

Harufu ya chokaa mbichi hainipiti hivi hivi. Juzi fundi alikuja kunipakia ukuta wa uani, hapa Mkoani, Pemba. Akamwagia maji chokaa yake kwenye pipa, ikaanza kutokota na kufuka moshi, na mimi nikabaki nimesimama na birika mkononi kama mtu aliyeitwa. Fundi akaniuliza, "Bi mkubwa, vipi, imekuingia machoni?" Nikamwambia atazame ukuta, asinitazame mimi.

Sikusoma sana. Darasa la tatu lilinitosha, nikaingia kuuza chapati kwa abiria wa meli, na kwa chapati hizo nimejenga nyumba ya ghorofa bila ya mume kunipa hata tofali. Kwa hiyo nikisema jambo nalisema, sizungukizungushi. Na ninalotaka kulisema leo ni la ukoo wetu, kwa sababu harufu ile imelifukua na limekataa kurudi chini.

Tulikaa ndani huko, kwenye shamba la mikarafuu, mahali ambapo barabara ya gari ikiisha unatembea tena mpaka uchoke. Katikati ya shamba palikuwa na kaburi la Sheikh Khalfan, mwenye shamba, aliyekufa zamani kabla baba yangu hajazaliwa. Lilizungushiwa ukuta wa mawe unaomfika mtu mzima kiunoni. Kila Shaabani baba alikuwa akitutoa sote. Kaka zangu wanapalilia majani, mimi nachota maji kwa kopo, baba anazimua chokaa na kuupaka ukuta kwa kumbi la nazi alilolifunga kwenye kijiti. Ukishapakwa, tunaingia ndani, tunakaa chini, baba anasoma Yasini na sisi tunamfuata. Kisha ndipo tunakula muhogo wa kuchemsha na ng'onda, samaki wa kukaushwa.

"Babu yenu huyu," baba alikuwa akituambia. "Msimwache akalala pachafu."

Nami nilikuwa najivuna. Shuleni nilikuwa nawaambia wenzangu kwamba babu yangu ana kaburi lenye ukuta, wao babu zao wana kaburi lenye majani.

Bibi yangu, Bi Riziki, mama yake baba, alikuwa haachi kuja. Lakini ndani ya ukuta haingii. Anakaa nje, upande wa bondeni, chini ya mlangilangi, penye jiwe bapa na vigae vya bakuli la samawati vilivyochomekwa ardhini. Mimi nilidhani ni sheria. Nilijiambia wanawake wakubwa hawaruhusiwi kuingia, wasichana wadogo wanaruhusiwa, na nikauona ule ni ubora wangu juu yake. Tukimaliza kusoma nilikuwa namfuata pale nje, kwa sababu pana kivuli, na ndipo ninapokula muhogo wangu. Miiba ya ng'onda naitupa papo hapo. Bibi, ambaye macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu, alikuwa akipapasa chini kwa vidole, akiiokota mmoja mmoja, na kuifunga kwenye pembe ya kanga yake. Nilimwona bibi msafi kupita kiasi.

Mwaka mmoja, baada ya mavuno, akaja mgeni kutoka Unguja. Alikuwa mtu mzima wa adabu, Bwana Seif, kanzu yake imepigwa pasi. Alikuwa mjukuu wa Sheikh Khalfan kwa mtoto wake wa kiume. Baba alimkaribisha barazani kama ndugu aliyepotea, akamchinjia kuku. Alipokwisha kunawa mikono akatoa karatasi kwenye bomba la bati, akamsomea baba.

Ilikuwa ni karatasi ya wakfu, yenye mhuri, iliyoandikwa Sheikh Khalfan akiwa hai. Kwetu hakuna aliyewahi kuiona. Ilisema kwamba shamba hili ameliweka wakfu kwa watumwa wake aliowaacha huru, na watoto wao, na watoto wa watoto wao, maadamu wapo. Sharti lao ni kulitunza kaburi lake na kumsomea Kurani. Wakimalizika, shamba lirudi kwa kizazi chake mwenyewe.

"Sasa nimekuja kuuliza tu, Sheikh Hamad," akasema Bwana Seif. "Nyinyi ndio kizazi cha wale walioachwa huru?"

Baba aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Sisi? Sisi ni damu ya Sheikh. Mama yangu ni Riziki binti Khalfan. Niulize mimi, usiiulize karatasi."

Bwana Seif akaikunja karatasi taratibu. "Basi ikiwa wale hawapo tena, shamba linarudi kwetu. Na kama nawe ni wetu, alhamdulillahi, utaonyesha nasaba yako kwa kadhi. Na kama si wetu..." Akaomba ruhusa, akaondoka.

Mimi nilikuwa nyuma ya mlango na sikuelewa kitu, isipokuwa kwamba yule bwana alitaka tuhame. Mama alielewa. Alikaa jikoni akaacha wali ukaungua.

Tokea siku hiyo baba akaingia kazi ya kutafuta nasaba. Alikwenda Wete, akaenda Micheweni, akawakalia wazee waliokuwa wakikumbuka habari za Sheikh Khalfan, huyu anampa jina, yule anampa mji wa Omani asioweza hata kuutamka. Akanunua karatasi nene Mkoani, akampa mwalimu wa chuo cha Kurani mwenye hati nzuri amchoree shajara. Ikaja nyumbani ina matawi, majani, na jina kila jani. Juu kabisa majina ya Kiarabu yaliyopangana, chini Sheikh Khalfan, chini yake Riziki, chini yake Hamad, baba yangu. Nilipojiona na mimi nimo, jani dogo la pembeni, nilisikia kama nimepewa nguo ya sikukuu. Nikaikariri yote. Hata leo niamshe usingizini nitaisoma.

Baba akaitundika ukutani. Bibi haoni, kwa hiyo akaniita. "Nisomee."

Nikamsomea kwa kuringa, jina baada ya jina, mpaka Riziki binti Khalfan bin nani bin nani. Bibi alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Huyo Riziki simjui mie," akasema.

Nikacheka. Nikadhani ni uzee.

Asubuhi yake akanishika mkono, akaniambia nimpeleke makaburini, na haikuwa Shaabani. Tulipofika, nikataka kumpeleka kwenye mlango wa ukuta, akanivuta upande wa bondeni, kwenye jiwe lake. Akakaa. Akavipapasa vile vigae vya samawati.

"Hapa kalala mama yangu. Akiitwa Zafarani."

Nikatazama. Palikuwa pamenyooka, sawasawa na ardhi, majani mafupi. Nikauliza swali ambalo mtoto angeuliza. "Mbona hakuzikwa ndani na babu?"

"Ndani hapana nafasi," akanijibu.

Na mimi nikamwamini. Nikamwambia ukuta ule uvunjwe, ujengwe mwingine mpana zaidi, na nikaanza kumpimia kwa hatua ulipopaswa kufika. Bibi aliniacha nipime mpaka nikachoka. Kisha akaniambia jambo lenyewe, kwa maneno machache, kama anavyoelezwa mtoto jinsi ya kuwasha moto. Zafarani aliletwa Pemba mdogo, kutoka bara, hajui wapi. Alinunuliwa. Mikarafuu ile mikubwa ya kisimani alikuwemo kwenye kuipanda. Alipoachwa huru hakuwa na pa kwenda, akabaki. Jina la Khalfan walilichukua kwa kuwa ndilo lililokuwepo, kila mtu wa shamba lile alijiita hivyo. Na kulipaka kaburi chokaa kila mwaka hakukuwa kumuenzi babu. Ilikuwa kazi ya sharti. Aliifanya Zafarani, akaifanya Bibi, akaifanya baba, na baba akaifanya kwa mapenzi kwa kuwa yeye alishajiambia jambo jingine.

Sikulia. Nilikuwa nafikiria miiba ya ng'onda.

Siku hizi naona watoto wa ndugu zangu wanatafuta shajara kwenye simu. Kila mmoja anaishia Maskati au Shirazi. Sijamwona hata mmoja aliyeishia kwa mtu aliyeuzwa. Sasa najiuliza, mikarafuu yote hii ya Pemba nani aliipanda, malaika? Mimi nilikwenda mwenyewe zinakohifadhiwa nyaraka za zamani, na miguu yangu hii mibovu. Kijana wa pale, Mungu ambariki, alinitolea majalada akanisomea. Waarabu wenye mashamba wameandikwa mpaka babu wa saba. Watumwa wameandikwa kwa idadi, na penye majina ni yale yale yanajirudia, Mabruki, Feruzi, Zafarani. Akina Zafarani nimewakuta tele. Nilimwambia kijana anisomee wote, nikawasikiliza wote, na sikumjua aliye wangu.

Basi. Bibi akanichukua tukavuka kwenda kisiwani Makoongwe. Baba aliambiwa tunakwenda kumwona mgonjwa. Makoongwe alikuwa akikaa Bi Saada, kizee mwembamba, wa umri wa Bibi, ambaye mama yake naye alikuwa mtumwa wa shamba lile lile. Tulimkuta mlangoni anasokota kamba ya makumbi, mguu mmoja ameunyosha.

"Hodi," Bibi akabisha.

"Kama wataka kamba zimeshauzwa."

"Mie Riziki."

"Riziki yupi? Ninayemjua mie alikwisha kufa."

"Nani kaniua?"

"Kimya chako. Maji ni haya hapa, hujayavuka tangu nazaa kitinda mimba wangu."

"Nawe ulikuwa na miguu. Au uliikodisha?"

Wakacheka mpaka Bi Saada akajifuta macho kwa kamba. Akanitazama. "Na hiki kichipukizi chako hiki? Kina kichwa kama cha Zafarani, mbele mbele." Nikajishika kipaji cha uso. Kwenye karatasi ya baba hapakuwa na mahali palipoandikwa kichwa changu kinatoka wapi.

Bibi akamweleza haja yake. Anataka aende kwa kadhi, akaseme kwamba mama zao waliachwa huru pamoja. Kamba ikasimama mikononi mwa Bi Saada. Akageuka kutazama ndani ya nyumba, akashusha sauti.

"Riziki, mjukuu wangu kaolewa na watu wa majina makubwa. Hawajui."

"Mwanangu naye hajui. Yaani ajua, hataki kujua."

"Weye wapigania mikarafuu. Mie nipiganie nini, makumbi?"

"Mikarafuu itakatwa hata kama ni yetu," Bibi akasema. "Mama yangu yuko pale chini, Saada. Hana ukuta. Siku tukitolewa, atakayekuja ataweka banda la ng'ombe juu yake, na hatakuwa na kosa, maana atajuaje kama pale pana ntu?"

Bi Saada alirudi kwenye kamba yake, akasokota, akasokota, kisha akasema maji yanakupwa, tuwahi chombo. Tukaondoka hivyo hivyo, bila ya ahadi.

Siku ya kadhi, kabla hatujatoka, Bibi alimwambia baba atakalolisema. Sijapata kumwona baba vile. Alipiga magoti mbele ya mama yake.

"Mama, nakuomba. Ukisema hivyo mbele za watu, sitaweza tena kusimama safu ya mbele msikitini."

"Simama ya nyuma," Bibi akamwambia. "Sala inafika."

Baba akainuka, akaichukua shajara yake iliyoviringwa, akatangulia. Sisi tukafuata, mimi nikimwongoza Bibi. Njia nzima aliuona mgongo wa mwanawe kwa macho yangu. "Yuko wapi?" ananiuliza. "Mbele." "Kageuka?" "Hajageuka."

Chumba cha kadhi kilijaa, na baraza ikajaa watu wa kijijini kwetu waliokuja kusikia. Bwana Seif akaanza, kwa adabu ile ile. Akatoa wakfu, akatoa na nasaba ya kwao. Baba akasimama, akaikunjua shajara. Kadhi, mzee wa sauti ya chini, akaziweka mbili pamoja, akazifuata kwa kidole.

"Hamad, humu kwao hamna Riziki."

"Walimwacha, Shehe. Watoto wa kike huachwa."

"Wako wa kike wanne humu. Kama huna shahidi, karatasi yako ni mchoro tu. Na kama wewe si damu, wala si wa wale walioachwa huru, basi shamba hili unakaa kwa haki gani?"

Hapo Bibi akanibana bega, akasimama.

"Shehe, mie ni Riziki. Mama yangu Zafarani, mtumwa wa Sheikh Khalfan. Alimwacha huru kwa mdomo wake. Nami nimelipaka kaburi lake chokaa tangu sijavunja ungo, na wanangu wamelipaka. Sharti tumelitimiza."

Barazani ukapita mnong'ono kama upepo kwenye makuti. Kadhi akanyamazisha. "Nani mwingine anayelijua hili?"

Nilihesabu vidole vya miguu yangu. Kisha mlangoni ikasikika sauti.

"Mpisheni ntu apite! Mmejazana kama dagaa."

Alikuwa Bi Saada, pindo za kanga zimerowa maji ya bahari. Hakutazama pembeni. Akasema mama yake na Zafarani waliitwa barazani kwa Sheikh siku moja, na mama yake alikuwa akimhadithia. "Kila mmoja alipewa uhuru wake na kitu cha mkononi. Zafarani alipewa bakuli la samawati. Mama alikuwa akisema, Zafarani alilifurahia bakuli kuliko uhuru, maana bakuli alijua atalifanyia nini."

Kuna waliocheka. Kadhi hakucheka. Bwana Seif ndiye aliyesimama, na lazima niseme alisema jambo la haki.

"Shehe, mama kaleta maneno, mwana kaleta karatasi. Hayakutani. Mmoja wao anatudanganya, na mahakama haiwezi kumpa shamba mtu ambaye hata nyumbani kwake hawajakubaliana yeye ni nani."

Kadhi akamgeukia baba. "Amesema kweli. Hamad, mimi nitakuuliza wewe mara moja. Mama yako amesema sawa, au karatasi yako?"

Baba aliitazama ile shajara. Ilimgharimu miezi, viatu, na pengine kila alichokuwa akijifikiria tangu utoto. Angeishikilia, tungelala njiani, lakini angelala na jina. Watu wote wa safu ya mbele walikuwa pale mlangoni wakimtazama. Mimi nilimwombea aseme karatasi. Nasema kweli, nilimwombea aseme karatasi, nilikuwa nalipenda jani langu.

"Karatasi niliiandikisha mimi," akasema baba. Kadhi hakusikia, ikabidi arudie. "Karatasi niliiandikisha mimi, Shehe. Mama yangu hajapata kusema uongo. Ni binti wa Zafarani, na mimi ni mwanawe."

Kadhi akamaliza mambo kwa maneno machache. Wakfu uko pale pale, wanaostahiki wapo, sharti liendelee. Bwana Seif akasema amesikia, akampa baba mkono. Huko mbele tulisemwa sana, sitaki kudanganya. Kisimani, harusini, hata ndoa ya dada yangu ilivunjika kwa sababu hiyo hiyo. Lakini shamba lipo mpaka leo.

Karani akamwita Bibi mezani aandikwe. "Riziki binti nani?"

"Binti Zafarani."

"Hilo la mama, Bi. Nataka la baba."

"La baba sinalo. Aliyenizaa ni huyo. Andika."

Karani akamtazama kadhi. Kadhi akasema, "Andika alivyosema."

Akaandika. Bibi akainama juu ya meza kana kwamba anaona, akanivuta na mimi niiname. "Lipo?" Nikatafuta, nikafuata herufi kwa kidole kama tulivyofundishwa. Zafarani. Wino ulikuwa haujakauka. "Lipo, Bibi." "Lote?" "Lote."

Tukatoka nje. Wale watu barazani wakafungua njia, lakini hakuna aliyesema kitu, wala salamu. Bi Saada akasimama katikati yao na kanga yake imerowa.

"Nyie, mbona kimya? Kuna aliyekufa?"

Baba alikuwa kwenye ngazi, ametupa mgongo kama alivyokuja. Nikadhani atatangulia tena. Akageuka, akarudi mpaka tulipo, akautoa mkono wa Bibi mkononi mwangu, akaushika yeye. Akapita naye katikati ya watu wote wale, pole pole, kwa mwendo wa Bibi.